Kula Bila Wali

Kwetu kisiwani Chole mtu anaweza kuamka akala mihogo ya nazi, maandazi manne na chai ya maziwa, na ukimkuta barazani ukamuuliza kama amekula atakujibu, "Sijala, nimekunywa chai tu." Wala hadanganyi. Kula ni kula wali, au ugali siku ambayo mchele umekwisha. Vingine vyote ni kunywa chai, ni kutafunatafuna, ni kupoza njaa. Majani ndiyo kabisa, hayahesabiwi. Nimezaliwa na lugha hiyo, nimelea watoto kwa lugha hiyo, na nusura lugha hiyo inizike.

Naitwa Siwema. Nina vidole vyote vya miguu, na kama hujawahi kuambiwa na daktari kwamba kimoja huenda kikakatwa, hutaelewa kwa nini naanza kwa kujisifia vidole. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyekaa hivi sasa mbele ya sinia ya wali wa nyumbani kwake, kaambiwa ana sukari, na hajui aweke mkono wapi. Mimi si daktari. Nitasema yaliyonipata, na nitayasema na woga wake, maana woga ndio ulionisumbua kuliko ugonjwa wenyewe.

Ulikuwa wakati wa kaskazi. Nilikuwa nalima mwani, na siku hiyo nilirudi kutoka majini, nikaoga, nikaswali adhuhuri, nikaketi kusuka ukili. Nilipoinuka niliona doa la damu kwenye mkeka. Nikageuza unyayo. Chini ya kidole gumba nyama ilikuwa imepasuka, na ndani yake kimekaa kipande cha kombe. Nilitembea nacho tangu baharini, nikaoga nacho, nikasimama nacho mbele ya Mola wangu, na sikusikia hata mchomo. Nilijiuliza kwanza kama swala yangu ilikuwa sahihi na damu ile. Kisha nikajiuliza nimekuwaje hata nisisikie, na hapo hofu ikaniingia.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mama yangu alianza hivyohivyo. Kidonda kidogo kisichouma, kidole kikawa cheusi, wakakata kidole, wakakata unyayo, mwisho wakakata chini ya goti. Miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye kitanda cha kamba, akituita tumletee maji ya kunywa na tumsogeze jua likimfikia. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Nilikijua kile kigutu kama ninavyoijua sura yangu.

Na dalili zilikuwapo, ila kila moja niliipa jina jingine. Kiu nilisema ni joto. Macho kuingia ukungu nilisema ni umri. Sisimizi walikuwa wakijaa chooni nilikokojoa, nikawa nawamwagia majivu na kuwalaani.

Kuvuka kwenda hospitali ya wilaya nilisindikizwa na wifi yangu Mwanahawa, dada mkubwa wa mume wangu. Nyumba yake na yangu zinatazamana, ua ni mmoja, kuku wetu hawajui yupi ni wa nani. Mume wangu, Shomari, ni fundi wa mashua, na alikuwa na chombo juu ya magogo ambacho mwenye mali alikuwa akikidai kila asubuhi. Tukapanda mashua hadi Utende ng'ambo, tukapata bajaji hadi Kilindoni penye hospitali, mguu wangu umefungwa kitambaa cha kanga.

Benchi la siku ya sukari sitalisahau. Watu hawaangaliani usoni, wanaangaliana miguu. Kulikuwa na mzee aliyevaa ndara mguu mmoja, wa pili umefungwa mfuko wa nailoni, na kila nzi akitua yeye humfukuza taratibu bila kukasirika. Ule utaratibu wake ulinitisha. Nilijiambia, huyu ameshazoea, na mimi nitazoea hivihivi. Mwanahawa alikuwa akinipepea kwa upindo wa mtandio wake na kusema karibu tutaitwa, karibu tutaitwa, na hatukuitwa.

Tulipoitwa tulimkuta Sista Neema, msichana wa bara, Kiswahili chake cha darasani. Akanitoboa kidole cha mkono, akaangalia mashine. Akachukua kidole kingine akatoboa tena. Mtu akitobolewa mara mbili huelewa mwenyewe. Daktari naye akaja, akaukamata mguu, akabonyeza, akainama akanusa.

"Tutakisafisha, utapata dawa," alisema. "Lakini mama, ukija kliniki ijayo nyama haijaanza kurudi, itabidi uvuke uende Dar es Salaam. Kidole hiki hatutaweza kukiacha."

Alipotoka, Sista akavuta kiti chake karibu. "Mama, tatizo lako ni wanga. Umezungukwa na wanga, asubuhi, mchana na jioni. Lazima uachane nao."

Mwanahawa aliacha kupepea. Alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniuma. Hakusema neno hospitalini, hakusema neno kwenye bajaji. Tulipokaa kwenye mashua, maji yamekuwa baina yetu na watu, akaniinamia sikioni.

"Hata mtu wa bara kaona."

"Kaona nini, wifi?"

"Wanga. Si umemsikia? Miye nilisema zamani, mkanicheka."

Sista alikuwa anasema wali, muhogo, mkate, viazi. Lakini kwetu wanga, kabla hawajawa chakula, ni wachawi, wale wanaotoka uchi wakati watu wamelala na kukuchezea juu ya paa. Nikamwambia, "Wifi, ni wanga wa kwenye chakula."

"Ndiyo hasa," akasema Mwanahawa. "Huingilia kwenye chakula."

Nilikuwa na hofu, lakini nilicheka mpaka nahodha akageuka. Yeye hakucheka hata kidogo.

Nilipofika nyumbani niliacha wali. Sikupunguza, niliacha. Muhogo, viazi, ndizi, maandazi, uji, chai ya sukari, dafu, vyote niliviaga siku moja, kwa sababu kila nilipotaka kumega kidogo niliuona mguu wa mama. Kisha vidonge nilivyopewa vilikuwa vya aina mbili, vikubwa na vidogo, na vile vikubwa vikanichafua tumbo. Harufu ya samaki ikawa inanipandisha kichefuchefu, nyama hivyohivyo, mayai ndiyo usiseme. Hebu fikiria, mtu wa Chole, mke wa mtu anayelipwa samaki, changu na kolekole, akimaliza kuziba chombo, anakimbilia nyuma ya nyumba samaki akitiwa chumvi. Wali ndio chakula, samaki ndicho kitoweo. Nikawa sina chakula wala kitoweo.

Kilichobaki kilikuwa majani na nazi. Kisamvu nilikitwanga nikakitia tui zito na karanga. Watoto wa jirani wakala mzizi, mimi nikala jani. Matembele, mchicha, mnavu, bamia, biringani, nyanya chungu, kabichi likivuka kutoka sokoni Kilindoni. Kunde kikombe kidogo. Korosho, mkononi, moja moja. Shibe ilikuwa inakuja, lakini mdomo ulikuwa unalia. Mdomo wangu ulitaka kitu cha kutafuna, cha kumega, cha kuchovya.

Basi siku moja nimekamua tui la wali wa Shomari, machicha ya nazi nimeyashika mkononi, kuku wamekwisha nizunguka wanangoja nimwage kama kawaida. Nikayaangalia yale machicha. Nikayarudisha kwenye bakuli. Nikatia unga wa karanga, kitunguu, pilipili, chumvi, nikakaanga kwa mafuta ya nazi. Yalivunjikavunjika. Kesho yake niliponda bamia mbili nikachanganya, na ule utelezi wake ukashika. Nikapata kitu cha duara, cha rangi ya kahawia, kinachomegeka. Nilikaa nyuma ya jiko nikala nikilia, na sikujua kama nalia kwa uchungu au kwa raha.

Mwanahawa alinikuta.

"Yarabi! Siwema! Machicha?"

"Ni matamu, wifi. Onja."

"Machicha ni ya kuku!" Aliwaangalia kuku kama wanaostahili kuombwa radhi. "Wanga wamekufikisha hapa?"

Hapo maneno yakatoka uani kwetu yakaenda kisimani, yakaenda msikitini. Mke wa Shomari hali. Siwema hali, anashindana na kuku. Nami kweli nilikuwa nakonda. Kanga niliyokuwa nafunga mara moja nikawa naizungusha ikabaki. Bangili ya mkono wa kulia ilidondoka kwenye ndoo. Uso ulichongoka, nikawa nafanana na mama yangu wa siku za mwisho, na kioo nikakipa mgongo. Ramadhani ikaja ikapita, daktari kanikataza kufunga, nikawa nakula machicha yangu mchana nyuma ya mlango, nimeaibika mara mbili.

Jioni moja Shomari aliporudi kutoka msikitini hakuvua kofia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mama Salma," alisema, "mimi nimeshindwa kukulisha?"

"Nani kasema, baba Salma?"

"Wanasema wote. Leo mtu kaniuliza, fundi, mchele umekwisha kwako? Mbele za watu."

"Waambie naokoa kidole."

"Kidole hawakioni. Wanaona machicha." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kula wali kidogo tu. Vijiko viwili, tena barazani, wakuone."

Niliingia ndani. Sikumjibu kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitasema jambo la kumuumiza. Shomari si mtu mbaya. Ila mtu anayependa kukulisha, ukikataa chakula chake, anaona umemkataa yeye. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunasemeshana kama wapangaji.

Na kidole? Kliniki iliyofuata nililala macho wazi siku mbili kabla. Njia nzima nilikuwa naomba. Daktari alifungua kitambaa, akabonyeza, na mara hii hakuinama kunusa. "Nyama inarudi," akasema. Nilitaka kumbusu mkono. Sista akanitoboa, mara moja tu, akatabasamu.

"Imeshuka vizuri sana, mama. Unakula?"

"Nakula sana, Sista."

"Vizuri. Dawa endelea nazo vilevile. Vile vidonge vidogo umeze asubuhi na jioni, baada ya kula."

Ukisoma mazungumzo hayo huoni kosa. Yeye aliposema kula alikuwa anaona sahani yenye wali kidogo na mboga nyingi, kama alivyokuwa amenielekeza siku ya kwanza wakati masikio yangu yamejaa neno Dar es Salaam. Mimi niliposema nakula nilikuwa naona machicha. Baada ya kusema niachane nao alikuwa ameeleza kwamba maana yake nipunguze. Mimi nilisikia lile la kuachana nao tu. Tukaagana kwa furaha, kila mtu na sahani yake kichwani.

Baada ya hapo mambo yakaanza. Saa za mchana jasho lilikuwa likinitoka mwili mzima nimekaa kivulini. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, midomo inakufa ganzi, hasira ya bure. Mama yangu alikuwa akitetemeka vilevile, naye alikuwa akisema, "Sukari imenipanda." Sijui kama alikuwa sahihi. Lakini hilo ndilo nililolijua: ukitetemeka, imepanda. Basi kila nikitetemeka nilipunguza zaidi. Kile kikombe cha kunde nikakiacha. Korosho nikaziogopa. Nikaongeza kutembea, nazunguka kisiwa na kidonda changu mpaka jasho likauke. Nilikuwa nakimbia kutoka kwenye moto nikielekea kwenye kisima, na hakuna aliyejua, hata mimi.

Masika yalipokuwa yanaishia palikuwa na hitima ya marehemu mama mkwe. Wali wa watu wengi ulipikwa ua wetu. Nilipewa mbuzi nikune nazi, na nilifurahi, kwa sababu kukuna nazi ni kazi ya kukaa na hakuna anayekuuliza habari za mguu. Asubuhi nilikuwa nimekula kisamvu kidogo, nikameza vidonge vyote. Nazi zikaja juu ya nazi. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Siwema, umekula?" Nikasema nimekula. Wenzake wakachekea kwenye kanga.

Kuanzia hapo nahadithiwa. Wanasema niliacha kukuna nikaanza kumgombeza jogoo, nikimwita kwa jina la mama yangu, nikimwambia ashushe mguu wake kitandani. Kisha nikaanguka ubavu, jasho linanitiririka.

"Sukari imempanda!" walipiga kelele wale waliojua kwamba ni mgonjwa. "Ondoeni tende! Ondoeni halua, asije akagusa!" Sinia ya vitamu ikaondolewa mbio, kwa nia njema kabisa.

Mwanahawa hakuwa na habari ya sukari. Yeye tangu kaskazi alikuwa anawasubiri wanga waje hadharani, na amejiandaa. Alikimbia ndani akatoka na chupa ya asali aliyoisomea dua, akanikalia kifuani, akawa ananipaka asali ndani ya mashavu na chini ya ulimi huku anasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya kuwafukuza hata waliokuwa kisiwa cha Jibondo. Wanawake wakamvuta mkono, "Utamuua, ana sukari huyo!" Akawapiga kiwiko.

Mimi nakumbuka kuanzia ile ladha. Ilikuwa tamu mno, na nilipoitambua niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana nilidhani kwa utamu ule wananikatisha kidole. Miezi yote ile, na sasa asali. Nikatema. Mwanahawa akanibana pua, nikameza. Akapaka tena. Polepole ua ukarudi mahali pake, nikaona miguu ya watu, nikaona nazi, nikamwona wifi yangu juu yangu, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Wametoka," akasema.

Shomari alifika na vumbi la mbao kwenye nywele. Maji yalikuwa yametoka, mashua zimelala kwenye tope, ikabidi tukae ufukweni tungoje yajae. Sijui tulingoja muda gani. Kila wimbi dogo lililosogea tuliliangalia wote. Shomari hakunishika mkono. Alikishika kile kidole, amekifunika kiganjani kama yai, na hakukiachia mpaka tulipopanda.

Hospitalini Sista alinitoboa, akaruka kutoka kwenye kiti, akaniletea maji yenye sukari na kunisimamia mpaka nikamaliza. Ndipo akauliza, "Leo alikula?"

"Hakula!" wakasema Shomari na dada yake kwa pamoja.

"Nilikula!" nikasema.

"Hali huyu, Sista," akasema Mwanahawa. "Tangu kaskazi hali."

"Nakula kila siku! Nakula mara tatu!"

"Hali," akasema Shomari.

Sista alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaweka kalamu chini. "Ngojeni. Mama, asubuhi mdomoni mwako kiliingia nini?"

"Kisamvu cha nazi."

"Na jana?"

"Mchicha. Bamia. Machicha ya nazi."

"Na wali?"

"Si uliniambia niachane na wanga?"

"Wote?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyonitoboa mara mbili."

Alijifunika mdomo. "Na vidonge vidogo unameza vilevile, asubuhi na jioni?"

"Kama ulivyosema."

Akatoka mbio kumwita daktari. Nitakwambia kama nilivyoelewa mimi, na wewe ukaulize kwenu: vile vidonge vidogo kazi yake ni kuisukuma sukari chini, na mimi nilikuwa nimekwisha ishusha kwa mdomo wangu. Vikawa vinasukuma hewa. Kutetemeka kule hakukuwa kupanda. Kulikuwa kushuka. Daktari akaviondoa, akaniachia vile vikubwa, akaniongeza vya vitamini kwa sababu sigusi samaki wala nyama, akataka kuniona kila wiki mpaka aridhike. Machicha hakuyakataza. Aliomba nimweleze yanavyopikwa, kisha akasema endelea, na urudishe kunde zako.

Mwanahawa alikuwa hajatosheka. "Na wanga je, Sista?"

"Wanga kauacha wote, mama, ndiyo maana kaanguka."

"Kawaacha? Wanga huachwa?"

Sista akashangaa. "Kwani kwenu wanga ni nini?"

Shomari ndiye aliyemweleza, akiangalia sakafu kwa haya. Sista alijitahidi, masikini, lakini alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka kitandani, na hata Shomari. Sista alipopata pumzi akauliza, "Hiyo asali alimpa nani?"

"Miye," akasema Mwanahawa.

"Basi wewe ndiye uliyemwokoa. Kweli kabisa. Usingempa asali tusingekuwa tunacheka hapa."

Mwanahawa alivuta baibui lake likakaa sawa. "Nilijua," akasema, na mpaka leo haongezi neno juu ya hilo.

Siku hizi Sista, kwenye lile benchi, hamuulizi mtu kama amekula. Anauliza, "Jana kutwa mdomoni mwako kimeingia nini?" Watu wanajibu muhogo, maandazi, togwa, embe, kila kitu. Wewe unayesoma, usingoje kuulizwa. Kabla hujabadili sahani yako, mwambie anayekupa dawa, umtajie kitu kimoja kimoja kwa jina lake, na dawa usiiguse mpaka akwambie.

Nisikudanganye kwamba hofu iliisha. Ilibadili mahali tu. Zamani niliogopa kupanda, sasa naogopa na kushuka. Kwenye pindo la kanga, mahali ambapo wenzangu hufunga vitu vyao vidogo, mimi nimefunga kijiko kimoja cha sukari, na huipapasa nikiwa nasikiliza maulidi, nikiwa njiani, nikiwa napanda mashua. Nimemfunga adui kiunoni ili siku nikimhitaji nimkute.

Kidonda kilifunga kusi ilipoanza kuvuma. Ngozi yake ni nyembamba, ina rangi ya dagaa mkavu, na naipenda kuliko ngozi yote niliyo nayo. Majini nimeacha kwenda. Mwani sasa nauanika tu, tena na viatu. Shomari alichukua kipande cha mbao kilichobaki kwenye mashua, akakipiga randa, akakitia kioo mwishoni, nikawa naweza kutazama nyayo bila kujikunja. Alikiegemeza karibu na mlango. Kila asubuhi naangalia mguu wa kulia kisha wa kushoto, na kila asubuhi kabla sijaangalia moyo unapiga vibaya. Barazani haniombi tena nile wali wanione. Mtu akimuuliza, anasema, "Mke wangu ana chakula chake."

Ilibaki Mwanahawa. Yeye alinipokea nilivyo, lakini machicha yake aliendelea kuwamwagia kuku, tena kwa kishindo, akihakikisha nimesikia. Hata wakati wa korosho ulipofika, watu wako chini ya mikorosho kutwa, asubuhi moja nikawasikia kuku wanakimbilia mlangoni kwake kama kawaida yao. Nikangoja kishindo. Hakikuja. Nikachungulia. Kuku wamesimama, shingo juu, wanashangaa.

Mwanahawa alikuwa anavuka ua, kabeba bakuli lililofunikwa kawa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

Alikaa kwenye mkeka wangu bila kukaribishwa, akaliweka bakuli magotini. Nikaona hakuwa na viatu, na kwamba alikuwa anaziangalia nyayo zake.

"Juzi nilivuka," akasema.

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Yule mtoto wa bara kanitoboa kidole." Alikinyoosha, kisha akanyoosha na cha pili. "Mara mbili."

Niliuona ule mfuko wa nailoni wa yule mzee, nikamwona nzi akitua.

"Kasemaje, wifi?"

"Kasema wanga." Akafunua kawa. Ndani mlikuwa na machicha, meupe, ya asubuhi ile. "Hawa wa chakula."

Nikainuka nikatafuta bamia, kwa sababu nisingeinuka ningelia, na yeye asingenisamehe. Nikaponda, nikatia karanga na pilipili, nikabandika kikaango. Alikaa akiwatazama kuku, na kuku wakimtazama. Cha kwanza kilipoiva nilikimega katikati, nikampa nusu. Alitafuna taratibu sana, kama anayesikiliza. Akanyoosha mkono tena.

Shomari akapita ua na msumeno begani, akienda kazini. Akatuona tumekaa, sinia tupu baina yetu.

"Mmekula?" akauliza.

Nilimwachia mkubwa wangu ajibu. Mwanahawa alijipangusa mafuta mdomoni kwa kiganja.

"Tumekula," akasema.